Mteremko wa Bibi Kahaso

Mwanapili binti Iddi alivaa ufunguo wa chumba cha vitabu shingoni, chini ya buibui, tangu siku alipotoka eda ya mumewe hadi siku alipolala asiamke. Ulikuwa ufunguo wa chuma, mrefu kama kidole cha kati, na kwa miaka mingi ulimwachia kifuani alama nyeusi ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa. Wajukuu wa nduguye walipomcheka kwa alama hiyo aliwaambia kwamba wanawake wengine wana mikufu ya dhahabu pamoja na wezi wao. Yeye ana chuma chake na usingizi wake.

Chumba chenyewe kilikuwa juu, katika nyumba ya mawe ambayo babu yake, Shee Mwero, aliijenga Msambweni siku ambazo pwani yote ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Unguja. Shee Mwero hakuacha mashamba mengi. Aliacha vitabu. Vingine vililetwa na mahujaji, vingine vilipigwa chapa Bombei, na vilivyo bora kupita vyote alivinakili kwa mkono wake mwenyewe, akaandika ufafanuzi pembeni kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu ili mwenye Kiarabu kichache asipotee. Kabla ya kufa aliwakusanya wanawe akatamka mbele ya mashahidi kwamba vitabu ni wakfu, kwamba havitoki nyumbani humo, wala havishuki ngazi ila siku ya kuanikwa. Alikuwa na sababu. Kitabu kimoja kilichoazimwa na jamaa wa Vanga kilirudi baada ya masika mawili kikiwa jalada tupu.

Wasomaji walikuja kutoka Gazi, kutoka Waa, hata kutoka Pemba. Aliyeipanda ngazi alitandikiwa mkeka, akaletewa maji, akasoma mpaka magharibi bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Lakini ngazi ilikuwa ya mawe, nyembamba, vidato vimeinuka karibu na goti, na katikati ilikata kona penye giza. Asiyeweza kuipanda hakufikiriwa na mtu, kwa kuwa hakuonekana.

Kila kaskazi, kabla mawingu ya masika hayajaanza kukusanyika, ilifika siku ya kuanika vitabu, na hiyo ndiyo iliyokuwa siku kubwa ya nyumba. Mikeka ilitandikwa ua wa mbele, kivulini, kwa sababu jua kali hula wino. Wanaume wenye udhu waliteremsha vitabu, vikafunguliwa, vikafukizwa ubani, na kati ya kurasa yakatiwa majani makavu ya mwarobaini na punje za karafuu kuwafukuza wadudu. Desturi ilikuwa kwamba kila aingiaye hupiga magoti mkekani akafunua kurasa chache za kitabu kilicho karibu naye, upepo upite, na yeye apate baraka. Wengi hawakujua hata alifu. Walifunua, wakabusu vidole, wakaenda kula.

Na chakula kilikuwapo. Upande wa lango palikuwa na kibaraza kifupi walipokaa maskini, wasioona na wenye viungo vibovu, nao walipelekewa sahani zao kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyumba ya Shee Mwero ilijulikana kwa hilo kutoka Msambweni mpaka Likoni.

Miongoni mwa watu wa kibaraza kile alikuwapo kijana wa Munje, jina lake Tsuma. Homa ya utotoni ilimwachia miguu isiyobeba kitu, akawa anatembea kwa mikono, makalio yakiwa juu ya ngozi ya mbuzi, viganja vimevaa makubadhi makuukuu. Kazi yake ilikuwa kushona kofia. Alikuja na mkokoteni wa nazi wa shemeji yake, akashushwa langoni, akala, akanawa, kisha akajikokota mpaka ukingo wa mkeka, akavua makubadhi yake ya mikono na kuyapanga pamoja na viatu vya wengine, akafunua kurasa. Alifunua polepole kuliko watu wote. Mwanapili alimwona hivyo mwaka mmoja, akamwona mwaka wa pili, akajisemea kwamba maskini yule ana imani.

Mwaka wa tatu ulikuwa ule bendera ya Sultani iliposhushwa na ya Kenya ikapandishwa. Siku ya kuanika iliangukia mfunguo mosi, watu wangali na nguo zao za Idi. Mwanapili alikuwa akipita kati ya mikeka, kama ilivyokuwa kazi yake, akifunua vitabu vilivyokaa mno pahali pamoja. Alikifikia kitabu cha mirathi chenye jalada jekundu, mwandiko wa babu yake, akainama kukifunua.

"Samahani, Bi Mwanapili," ilisema sauti kutoka chini. "Shikamoo. Usinifunulie, sijamaliza."

"Marahaba. Hujamaliza nini, baba?"

"Ukurasa huu."

Mwanapili alimtazama. Kisha akatazama ukurasa. "Wewe unasoma?"

"Tangu asubuhi. Mwaka jana nilifika fungu la mke. Mwaka huu nimelikuta hapo hapo nilipoliacha, alhamdulillahi, halikwenda mahali."

Mtu mmoja wa karibu alicheka. Mwanapili hakucheka. Alihisi joto likimpanda shingoni penye ule ufunguo.

"Nani aliyekufundisha?"

"Maalim Tembo wa Munje, Mungu amrehemu. Yeye alikisoma kitabu hiki humu ndani, ujanani mwake, akakihifadhi. Alinifundisha kwa kichwa mpaka nusu, kisha mauti yakamwahi. Nusu iliyobaki iko hapa tu."

"Miaka mitatu umekuja hapa ukala kwenye kibaraza kile. Mbona hukusema?"

"Niliulizwa kama nimekula," akasema Tsuma. "Sikuulizwa kama nimesoma."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia, na ndiyo maana lilimchoma Mwanapili zaidi. Akaketi mkekani mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akamwuliza habari yote. Habari ilikuwa fupi. Chuo cha Munje kilishikwa na mpwa wa marehemu Maalim Tembo, na mpwa huyo sasa alikuwa amepata kazi bandarini Mombasa. Wazee wa Munje walimtaka Tsuma akishike chuo, maana watoto walimpenda na sauti yake ilikuwa nzuri. Lakini walitaka mwalimu aliyemaliza mirathi, kwa sababu kila mwenye minazi alipokufa Munje ndugu walishikana mashati. Mashekhe wa Waa walikubali kumtahini. Asipomaliza kitabu kabla ya Maulidi, mfunguo sita, wazee wataleta mwalimu mwingine kutoka mbali.

"Kwa siku moja ya mwaka," alisema Tsuma, "nitakimaliza nikiwa na mvi. Watoto wa Munje watakuwa na wajukuu."

Chome, nduguye Mwanapili, alikuwa amesogea akasikia. Alikuwa karani katika ofisi ya wilaya Kwale, na tangu Wazungu walipoanza kufunga masanduku yao alikuwa amepandishwa cheo. Hakuwa mtu mbaya. Akasema papo hapo, kwa sauti ya kusikika, kwamba nyumba ya Shee Mwero haijamrudisha msomaji hata mmoja, na kwamba atatoa vijana wanne wambebe Tsuma juu kwa kiti kila atakapokuja.

"Ahsante, Bwana Chome," alijibu Tsuma. "Siku ya kubebwa na wanaume wanne naijua, na siku hiyo sitakuwa na haja ya kitabu."

Watu wakacheka tena, na safari hii Chome ndiye aliyeona joto.

"Basi kitabu kishushwe siku moja moja," alisema mzee mmoja.

"Hakishuki," alisema Chome. "Sharti la mwenye wakfu ni kama sharti la sheria. Leo tukishusha kwa ajili ya huyu, kesho tutaombwa kwa ajili ya yule, na keshokutwa tutafuata majalada Vanga."

Mwanapili alikuwa na ufunguo, angeweza kusema neno, lakini hakusema. Hakuwa mwanamke wa kuvunja wosia wa babu yake kwa huruma ya adhuhuri moja. Alimwambia Tsuma tu, "Njoo Jumatatu. Tutaona."

Jumatatu Tsuma alikuja, akavua ngozi ya mbuzi, akaijaribu ngazi mwenyewe. Mwanapili alisimama juu akimsikiliza akipumua gizani. Alipanda vizuri mpaka penye kona. Hapo vidato vilikonda upande mmoja vikawa kama ncha ya jembe, na mkono haukuwa na pa kushika. Akajaribu kwa kuume, akajaribu kwa kushoto, akatulia. Kisha Mwanapili akasikia makubadhi yakirudi chini, moja baada ya jingine.

"Haipandiki," alisema Tsuma alipofika chini. Viwiko vyake vilikuwa vimechubuka. "Nimekuja nikajua. Si haba. Watu wengine huishi wakidhani."

Akaenda zake. Mwanapili alibaki amekaa barazani juu, hasira zimemjaa na hajui amkasirikie nani. Alikuwa hapo hapo aliposikia kutoka nyuma ya nyumba sauti ambayo ameisikia maisha yake yote: pipa la maji likisukumwa kupanda juu. Biasha, mke wa Chome, alikuwa akilizungusha kwa mikono miwili, kanga imefungwa kiunoni, kutoka uani mpaka chumba cha kusalia cha wanawake. Halikuwa likipita ngazini. Lilikuwa likipita mteremkoni.

Mteremko huo ulikuwa wa mawe na chokaa, mpana, umeegemea ukuta wa nyuma kutoka jikoni hadi orofani. Wanawake wa nyumba hiyo walipandishia maji hapo, na siku za jua walianikia makopa ya muhogo. Hakuna aliyeuliza ulijengwa kwa nini. Lakini Mwanapili alikuwa ameambiwa na mama yake, na jambo hilo likamrudia wakati pipa likifika juu. Shee Mwero aliujenga kwa ajili ya mama yake, Bibi Kahaso, mwanamke wa Kiduruma kutoka huko bara kwenye ukame, aliyeolewa pwani, akasilimu, akazaa mwanachuoni. Uzeeni magoti ya Bibi Kahaso yalikufa. Mwanawe hakutaka mama yake asalie jikoni kwenye majivu, akamjengea njia ya kujikokota mwenyewe bila kumwomba mtu mkono.

Na kati ya chumba cha kusalia na chumba cha vitabu palikuwa na mlango. Ulikuwa umezibwa na kabati la vioo ambalo Chome aliliagiza kutoka Mombasa.

Siku hiyo chakula cha mchana hakikuwa na ladha kwa mtu yeyote.

"Dada," alisema Chome, "unataka mwanamume ajinabi apite uani kwetu? Jikoni, mke wangu akiwa kichwa wazi?"

"Na chungu nitakigeuzia wapi?" alisema Biasha. "Nitakoroga mchuzi nimejifunika gubigubi kama bi harusi? Wifi, mimi nakuheshimu, lakini hili la leo limenishinda."

"Ua wa nyumba hii haujakanyagwa na mgeni wa kiume tangu ulipojengwa," aliongeza Chome. "Mji utasema nini?"

Mwanapili alikuwa na jina la nyumba moyoni kuliko wote wawili, na ndiyo sababu alijibu bila kupandisha sauti.

"Miaka mitatu tumemlisha mwanachuoni kwenye kibaraza cha waombaji. Wewe, Chome, mwaka jana ulimpa kanzu yako kuukuu mbele za watu, na watu wakakuombea dua. Aibu hiyo iko nje, imeonwa na mji mzima, ila mji haujaitambua. Siku mji utakapoitambua hatutakuwa na pa kujificha. Hii ya uani nitaisitiri kwa pazia. Ile haina pazia."

"Babu angesema nini?"

"Babu alikwisha sema. Alisema kwa mawe na chokaa. Kalitoe kabati lako."

Chome alikawia siku kadhaa, akingoja dada yake achoke. Hakuchoka. Mwishowe kabati lilisogezwa, likakwaruza sakafu ya chumba cha vitabu, na mkwaruzo huo upo hata leo.

Mpango uliwekwa hivi. Tsuma atakuja Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri. Atasimamisha mkokoteni lango la nyuma, atapiga hodi, atangoja aambiwe karibu. Pazia litashushwa mbele ya jiko. Na ili wanawake wajue amefika wapi, asikutane na mtu ghafla, atapaza sauti njia nzima kutoka langoni mpaka mlango wa juu.

"Nipaze sauti niseme nini?" aliuliza Tsuma.

"Chochote kisicho cha upuuzi."

Tsuma akachagua kusoma kwa sauti somo alilolisoma siku iliyotangulia. Basi kila Jumatatu na kila Alhamisi sauti ilipita nyuma ya pazia la jikoni, ikipanda kidogo kidogo mteremko wa Bibi Kahaso: mume ana nusu asipokuwapo mtoto, akiwapo mtoto ana robo, mke ana robo, akiwapo mtoto ana thumuni. Huko juu Mwanapili alimwekea birika na beseni mlangoni, kwa maana mikono hiyo ndiyo iliyokuwa miguu yake, na Tsuma aliyavua makubadhi, akanawa mpaka viwikoni, akatawadha, akaingia. Alisoma kitabu kikiwa juu ya marufaa, kile kibao cha kuegemezea vitabu, mgongo umenyooka. Alipokuwa mle chumbani, mtu asiyejua asingelimdhania kuwa na kasoro yoyote.

Mji ulisema, kama Chome alivyohofu. Kwenye hitima moja huko Gazi mwanamke mnene mwenye wanja mwingi alimwambia Mwanapili mbele za watu, "Bi Mwanapili, twasikia siku hizi kwa Shee Mwero wageni huanzia jikoni."

"Kweli, mwanangu," alijibu Mwanapili. "Na wewe ukija utaanzia huko huko. Nimekuona ulivyokaa, magoti hayo hayaiwezi ngazi yetu."

Maneno hayo yalifika Msambweni kabla yake.

Biasha ndiye aliyebaki amenuna. Alishusha pazia kwa kulivuta, akagonga sufuria bila sababu. Kisha masika yakaingia, mawe yakaota utelezi wa kijani, na Alhamisi moja Tsuma aliteleza karibu na juu, akaporomoka mpaka chini, sauti ya mirathi ikakatika katikati. Biasha alichungulia pembeni mwa pazia. Alimwona amekaa kwenye tope, kubadhi moja limekatika gidamu, anavuta pumzi. Hakuomba msaada. Aliifuta mikono kwa kanzu yake, akaanza tena kwenye neno lile lile alilokatia, akapanda upya.

Jumatatu iliyofuata mteremko ulikuwa umetandazwa makumbi ya nazi toka chini hadi juu, na kamba nene ya usumba imefungwa nguzoni kwa kushikia.

"Nani ameweka?" aliuliza Mwanapili.

"Mimi ndiye nipitaye na pipa," alisema Biasha. "Nimejitengenezea njia yangu. Au hilo nalo lina sharti?"

Mwanapili akasema halina.

Mfunguo tano ulipokuwa ukiisha, Tsuma alipita siku moja akisoma mafungu ya mwenye kuacha mume, mama na mabinti wawili. Alitaja robo ya mume, akataja theluthi mbili za mabinti, akaendelea mbele. Nyuma ya pazia mwiko ukasimama chunguni.

"Umemruka mama," ilisema sauti ya Biasha.

Makubadhi yalisimama mteremkoni.

"Kweli," alisema Tsuma. "Sudusi ya mama, moja ya sita. Ahsante, Bi Biasha."

"Mama hasahauliwi. Na mafungu yenyewe yakizidi mali, mali haiongezeki. Kila mmoja hupunguza chake. Ulisema mwenyewe Alhamisi. Haya pita, Mwalimu, mchuzi wangu unaungua."

Huyo ndiye mtu wa kwanza kumwita mwalimu. Mwanapili, aliyekuwa juu ameshika birika, alisikia, wala hakumwambia mtu mpaka miaka mingi baadaye.

Ukurasa wa mwisho ulisomwa siku chache kabla ya Maulidi. Mashekhe wa Waa walitaka mtihani ufanywe mbele ya kitabu chenyewe, wapate kulinganisha na ufafanuzi wa Shee Mwero, na kwa kuwa kitabu hakishuki, wao walilazimika kupanda. Walifika watatu. Chome aliomba ruhusa ofisini, akavaa joho, akawapokea kwa udi na uturi barazani mbele. Wawili walipanda ngazi wakihema. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa wao na ndiye mwenye kutoa idhini, alikuwa Shee Ziro, mtu wa miaka mingi na mwili mkubwa. Aliweka mguu kidato cha kwanza, akaweka cha pili, akashika ukuta.

"Bwana Chome," alisema, "ngazi hii babu yako aliwajengea malaika au watu?"

"Taratibu, Shee wangu. Nitakushika."

"Usinishike. Nikianguka tutaanguka wote wawili, na mirathi yetu nani ataigawa?" Akarudi chini, akakaa barazani, akajipepea kwa ncha ya kilemba. "Huyo kijana yuko wapi?"

"Yuko juu, Shee."

"Yuko juu? Na miguu yake hiyo niliyoambiwa? Kapitia wapi?"

Chome alilivuta joho lake likae sawa mabegani. Juu, dirishani, Mwanapili alikuwa amesimama nyuma ya ubao wa kimia wenye matundu, anasikia kila neno. Hakumsaidia. Alitaka neno hilo litoke kinywani mwa nduguye mwenyewe.

"Kapitia uani, Shee," alisema Chome hatimaye. "Kuna mteremko. Babu yetu aliujenga kwa ajili ya mama yake, Bibi Kahaso, alipokuwa hawezi kutembea."

"Basi Shee Mwero alimjengea mamake njia njema, sisi wanafunzi wake akatupa hii?" Shee Ziro akainuka. "Alijua nani mbora. Niongoze huko."

Ndivyo Chome, kwa joho lake la zari, alivyotangulia kuingia lango la nyuma la nyumba yake, akamwongoza mwanachuoni mkubwa wa pande hizo kupita banda la kuku, beseni la samaki na jiko linalotoka moshi. Shee Ziro nyuma yake alipiga fimbo chini akisema kwa sauti, "Stara, wenyewe! Stara, Mungu awasitiri!" Pazia lilishuka haraka. Biasha alikuwa ameifunga kamba ya usumba upya asubuhi ile, na Shee aliishika njia nzima, akafika juu hajatoka jasho.

Mtihani ulikwenda mpaka karibu na magharibi. Tsuma aliulizwa juu ya ndugu wa baba mmoja, juu ya babu, juu ya mtoto aliye tumboni. Alijibu bila haraka. Mwishoni Shee Ziro alikifunga kitabu, akasema, "Mwanamke amekufa. Kaacha mume, mama na mabinti wawili. Gawa."

Chini, jikoni, mlango wa juu ukiwa wazi, kila kitu kilisikika. Biasha aliweka upawa kando.

"Mume robo," alisema Tsuma. "Mama sudusi. Mabinti theluthi mbili."

"Hesabu yake ni kumi na mbili. Yanaenea?"

Tsuma akahesabu kwa vidole. Biasha midomo ikamcheza: kumi na tatu, kumi na tatu.

"Hayaenei, Shee. Mafungu yamezidi mali. Mali itagawanywa kumi na tatu, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri yake, asiachwe mtu."

Shee Ziro aliwatazama wenziwe. Kisha akaushika mkono wa kuume wa Tsuma, kiganja chenye sugu ngumu kama ya unyayo, akautia kati ya mikono yake miwili, akamsomea idhini ya kufundisha kwa jina la Maalim Tembo, na kwa jina la Shee Mwero juu yake. Mwanapili alisikiliza nyuma ya mlango. Jina la babu yake lilipotajwa aliushika ufunguo.

Siku ya Maulidi Tsuma aliketishwa Munje mahali pa mwalimu, na Ijumaa iliyofuata akafungua chuo. Pazia la jikoni kwa Shee Mwero halikutolewa tena. Wengine walianza kuja kwa njia ile: mzee wa Mwabungo mwenye mguu mmoja, na fundi cherahani wa Waa aliyepooza upande. Kila mmoja alipiga hodi akapanda akisoma kwa sauti, kwa kuwa hiyo sasa ilikuwa adabu ya nyumba, na Biasha hakuona taabu kumsahihisha yeyote.

Kaskazi ya mwaka uliofuata mikeka ilitandikwa tena. Tsuma alifika mapema pamoja na wanafunzi wake, akapanda juu kwa njia yake, akaketi kizingitini mwa chumba cha vitabu kupangusa majalada kabla ya kuteremshwa. Chini Biasha alikuwa akipakua. Alijaza sahani za kibaraza kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akabaki ameshika moja mkononi.

"Wifi," aliita, "ya Mwalimu wa Munje niipeleke wapi?"

"Ipeleke juu," alisema Mwanapili, "pamoja na za mashekhe. Na umpelekee maji ya kunawa kwanza."

Biasha akachukua birika, akashika kamba, akapanda.